Yah: Malalamiko juu ya muda wa matengenezo mnaowaandikia wateja

Kwa Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa heshima, ingawa gerejini kwako sikuheshimiwa.

Utaratibu wenu wa makadirio mnaujua, upo kwenye fomu mliyonipa nisaini. Kubadilisha klachi: masaa matano, gari kuchukuliwa jioni. Jioni ilipofika nikapiga simu, msimamizi wako akasema, "Tunakaza bolti za mwisho." Nikaja. Gari lilikuwa juu ya lifti, giaboksi sakafuni, na klachi mpya haijaagizwa. Nilipouliza, akanijibu mbele ya wateja wengine, "Makadirio si ahadi, mama," akanipa mgongo.

Ugumu wa kazi siubishii. Giaboksi lazima ishushwe ndipo klachi ionekane, bolti zenye kutu hukatika, na flaiwili, ile sahani nzito ya injini ambayo klachi huibana, ikikutwa imechimbika inabidi ichongwe au ibadilishwe. Fundi anayajua haya kabla hajashika spana. Masaa ya kwenye kitabu cha mafundi cha muda wa kila kazi hupigwa kwa gari lenye hali nzuri, spea zikiwa tayari mkononi. Langu ni la zamani, mlilizunguka na kulikagua, kisha mkaniandikia masaa ya gari jipya. Naamini mlijua kabisa: mteja akitajiwa siku kadhaa, anaweza kwenda kwingine.

Hata beringi ya gurudumu, kabla ya klachi hii, niliambiwa nikae kwenye benchi nisubiri kidogo tu. Niliondoka usiku.

Bolti za mwisho! Bolti zipi, Meneja, na giaboksi iko chini, mafuta yanachuruzika kwenye beseni? Nilisimama pale na mkoba begani, watu wameacha mazungumzo yao wananitazama. Fundi kijana, ambaye ndiye aliyeniambia ukweli kwamba spea haijaagizwa, aliinamisha uso. Msimamizi hakuona aibu yoyote. "Makadirio si ahadi, mama." Alipaza sauti ili kila mtu asikie, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganya.

Siku ile ningeridhika kurudishiwa nusu ya gharama ya ufundi. Sasa nataka yote, pamoja na nauli za teksi kwa muda wote gari lilipolala kwenu, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi ya msimamizi huyo. Tena mbadilishe fomu: mteja aandikiwe kama spea ipo au haipo, na fundi akishalifungua gari na kuona hali yake, mteja apewe muda mpya siku hiyohiyo, bila kusubiri apige simu.

Nawapa siku 14. Zikipita, fomu yenu na picha niliyoipiga giaboksi ikiwa sakafuni, yenye tarehe na saa, vitafika kwenye mamlaka ya kuwalinda walaji, na nakala kwa wakili wangu. Atakapoanza yeye, nitadai na fidia ya kazi niliyoikosa.

Jibu lije kwa maandishi. Simu zenu siziamini tena.

Mteja wenu,
Mwenye gari la klachi