Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mazuku Kwenye Paseli Zetu

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaahidi ramani ya mashimo yote ya mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotuama shimoni na kuua, kando ya Ziwa Kivu, magharibi mwa Goma. Haijakamilika. Himbi tumemaliza, Bulengo tuko nusu, Lac Vert hatujagusa. Kipimo cha gesi tunacho kimoja tu, nacho kilikaa muda mrefu kikisubiri kurekebishwa.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Tulikuwa tunapima saa nne asubuhi, chai imeshanyweka, tunaandika "salama". Siku tuliporudi shimo lilelile saa kumi na moja alfajiri, upepo umelala, kipimo kilianza kulia kabla hatujainama. Kaboni dioksidi inayopanda kwenye nyufa za mawe ya volkano ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kama mara moja na nusu. Usiku hutuama shimoni kama maji. Jua likiwaka na upepo ukivuma, hutawanyika. Haina rangi wala harufu. Hewa tunayovuta ina kama 0.04% tu. Ikifika 5%, kichwa kinagonga na pumzi zinakwenda mbio. Ikipita 10%, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo fomu zote za saa nne nimezifuta. Najua waliozijaza wamenuna.

Sasa tunapima kisiginoni, gotini na kifuani, kwa sababu gesi inayomfika baba kiunoni inamfunika mtoto mzima. Tena hatuulizi tu kama gesi ipo. Tunauliza inatokea wapi, inapitia wapi kuingia nyumbani, na nani hulala chini hapo. Shimo baya lisilopitiwa na mtu linaweza kungoja. Chumba chenye sakafu ya udongo karibu na ufa hakingoji.

Kuhusu mwenge ambao wazee huutumia kupima gesi shimoni: mwali ukizimika, toka mbio, hapo wazee wana haki. Lakini mwali unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo wewe tayari unaumwa kichwa. Usiutumie kujipa ruhusa ya kuingia.

Kuna muuzaji wa viwanja aliyejaza kifusi shimoni, akaliuza kama paseli tambarare. Gesi hupenya kifusi kama moshi kwenye majani ya paa. Mnunuzi tumemwambia ukweli. Hela yake hajarudishiwa, na shefu wa mtaa bado ana barua yetu mezani.

Mkiona mbuzi au mtu ameanguka shimoni, msimfuate bila kifaa cha kupumulia. Mazuku huua wawili wawili kwa huruma hiyo. Naujua uzito wa ninachowaomba.

Michango ilitosha betri na vibao vya onyo. Baadhi ya vibao vimeshakuwa kuni.

Zamu ya Lac Vert nahitaji watu wanne wanaoweza kuamka saa kumi usiku. Majina mpeni katibu leo, kabla hamjatoka.