Shangazi, kliniki ijayo watajie na usingizi

Shangazi mpendwa,

Nasikia umeacha kwenda soko la Kibuye hapo Kisumu, na omena ya wiki jana bado iko guniani. Mchana unalala, usiku unakesha, na ugali unauzungusha tu kwenye sahani. Wenzako wa kanisani wanakuhimiza uombe zaidi. Omba, lakini usikubali mtu akwambie imani yako imepungua. Huo ni ugonjwa wa msongo wa mawazo (depression), na una undugu na sukari uliyo nayo. Nakuandikia hadharani kwa sababu kina shangazi kama wewe ni wengi kuanzia Nyalenda hadi Kondele.

Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kupata msongo wa mawazo mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho. Ukiwa na hofu, mwili hutoa adrenalini na kotisoli, na ini humwaga sukari kwenye damu. Ndiyo maana unaweza kujinyima chapati wiki nzima na kipimo bado kisome 15 (mmol/L), juu mno. Ukiona hiyo 15 unakata tamaa, unaruka sindano ya insulini, sukari inazidi kupanda.

Sasa kuhusu ile mitetemo ya alfajiri. Jasho, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka: wasiwasi huleta hayo yote, na sukari ikishuka huleta yayo hayo. Kwa mtu wa insulini, kukisia ni hatari. Toboa kidole kwanza. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Vijiti vya kupimia vikiwa vimeisha, wewe kunywa tu. Kipimo kikisoma sawa, huenda ni wasiwasi, nao una tiba yake.

Kliniki hupimwa uzito, presha na sukari, kitabu kikaandikwa, foleni ikasonga. Usipoulizwa kuhusu usingizi, sema mwenyewe. Kuna maswali 9 ya kupima msongo wa mawazo, kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu, nguvu, usingizi, chakula. La mwisho ni kama umewahi kuona heri ufe au ujidhuru. Hilo, nakuomba, usilifiche. Najua watu bado wanaogopa polisi kwa ajili ya kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya. Kilihusu kujaribu kujiua, si mawazo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba. Ukijisikia hivyo hata leo usiku, usingoje kliniki. Mwamshe binamu, anipigie, mwende hospitali.

Wakikupa dawa, zitachukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hivyo usiziache siku ya tano. Wakikuelekeza kwa mshauri, nenda. Na insulini iendelee vilevile.

Niambie tarehe ya kliniki nipande matatu ya kutoka Nakuru jioni ya kuamkia siku hiyo. Ukitaka nitaingia nawe kwa daktari, usipotaka nitakungoja nje kwenye benchi.