Shabani, si wote wanaodeka

Mbagala, Dar es Salaam

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Watoto je? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa. Mama Zuhura anakusalimu, mzigo wa dagaa umemfikia na ameshaugawa nusu kwa majirani, unamjua.

Nilitaka ningoje mpaka uje, lakini ile sauti uliyonitumia juzi imenikaa rohoni. Unasema wacheza gemu wa siku hizi wamedekezwa, kila kitu kelele, kila kitu warudishiwe hela, na kwamba Hemedi wetu ndiye kinara wao. Ya Hemedi nakuja nayo. Hayo mengine nakukatalia, bwana.

Wewe hapo kwenye kibanda chako cha gemu, umeme ukikatika katikati ya mechi, unafanyaje? Nimekuona kwa macho yangu: yule mtoto wa shule amesimama na pedi mkononi, kioo kimezimika, hata hajafungua mdomo, wewe umeshamrudishia hela yake. Hukumwambia anadeka. Sasa kwa nini mtu aliyenunua gemu kwa hela nyingi kuliko hiyo akisema naye ameonewa, tumwambie anadeka?

Itazame The Crew, ile ya mbio za magari. Kampuni ya Ubisoft iliitoa mwaka 2014, na hata ukicheza peke yako chumbani ilikuwa lazima iunganishwe na seva zao, yaani kompyuta zao za mtandaoni. Machi 31, 2024 wakazizima. Basi. Mtu ana diski yake halali, haina hata mkwaruzo, akiiingiza kwenye mashine haendi popote. Hakuivunja, hakuiazima kwa mtu akaichelewesha. Ni Mmarekani mmoja, Ross Scott, aliyeanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu, mwaka huohuo, na wenzake wa Ulaya wakapeleka ombi Umoja wa Ulaya. Lilipofungwa Julai 2025 saini zilikuwa zimevuka ile milioni 1 inayotakiwa ili lisikilizwe. Na hawasemi seva ziwake milele, Shabani. Wanasema kampuni ikichoka, iiache gemu katika hali ambayo aliyeilipia ataendelea kuicheza. Nimelisoma dai hilo mara nyingi nikitafuta pa kulilaumu, sijapaona.

Halafu usifikiri mambo haya hujirekebisha yenyewe. Kurudishiwa hela kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kumekuja mwaka 2015: siku 14 tangu ununue, na uwe hujacheza zaidi ya saa 2. Wakati huo Valve, wenye Steam, walikuwa tayari wameshtakiwa Australia na mamlaka ya kulinda walaji, kwa kuwaambia wateja kwamba hakuna kurudishiwa hela wakati sheria ya nchi inawapa haki hiyo. Mahakama ikawatoza dola milioni 3 za kule. Watu walinung'unika, wakaitwa wasumbufu, na leo kila mtu anakitumia kitufe kile cha kurudishiwa hela bila kujiuliza kimetoka wapi.

Sasa Hemedi. Hapa uko sahihi, tena umesema kidogo. Gemu anayoingoja imeahirishwa, basi amemwandikia mfanyakazi mmoja wa kampuni ile matusi ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua, na mwisho kamwambia anajua anapokaa. Alinionyesha mwenyewe kwenye simu, anacheka. Mimi sikucheka. Mwaka 2016 Sean Murray wa Hello Games, kampuni ndogo ya Uingereza, aliisogeza gemu yao No Man's Sky mbele kwa wiki chache, akatumiwa vitisho vya kuuawa. Kwa sababu ya wiki chache! Na gemu ilipotoka Agosti watu wakawa na lawama ya kweli kabisa, maana kucheza pamoja na wenzako, jambo alilokuwa amelizungumzia, hakukuwamo. Walikaa kimya wakafanya kazi, wakatoa apdeti za bure, na mwaka 2018 hilo nalo likaingia. Waliodai kilichozungumzwa walikuwa na haki. Wale wa vitisho hawakuwa na haki hata ya robo, na lawama yao ikawachafua na wenzao.

Hicho ndicho kinachoniuma. Mtu akiuziwa kitu kisichofanya kazi, kampuni haihangaiki hata kumjibu. Inaonyesha tu matusi ya akina Hemedi, na wote wanaonekana wahuni. Yule wa The Crew aliyekaa akaandika dai lake kwa adabu anatiwa kapu moja na anayetishia watu. Na wewe rafiki yangu, mtu wa haki ninavyokujua, umewatia kapu hilohilo.

Nina ombi. Zungumza na Hemedi. Mimi ananiona baba mdogo wa kuhubiri, wewe anakusikiliza, tangu utoto wake kibanda chako ndiko alikolelewa. Usimkataze kulalamika. Akae aandike amelipia nini na hakupata nini, na amwombe radhi yule mfanyakazi.

Utakwenda kwake lini? Au ni bora umwite kibandani siku hakuna wateja? Na zile gemu mpya unazonunua, ukiingiza diski zinacheza hapohapo, au nawe zinakuamuru upakue magiga ya bando kwanza? Unawaambiaje wateja wanaokuwa wamekaa wanangoja? Na Mzee Kombo, ile televisheni alishakulipa?

Wako,
Idrisa