Rangi ya waya si ushahidi, sahihisheni makala yenu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu ya kukarabati vifaa vya umeme vya zamani siwezi kuinyamazia. Mnaikumbuka, ni ile iliyowafundisha wasomaji kwamba nyekundu ni moto (waya unaoleta umeme), nyeusi ni nyutro (unaourudisha), kijani ni ethi (unaoupeleka ardhini umeme unaovuja), basi, funga uwashe. Kwa kifaa cha Uingereza cha kabla ya 1970 hivi, ni kweli. Kwa vingi vinavyouzwa hapa Dodoma kama mtumba, kanuni hiyo inaua watu.

Chukueni mashine ya Ujerumani ya kabla ya 1965. Humo waya mwekundu ndio ethi, umefungwa kwenye gamba la chuma. Moto ni mweusi na nyutro ni kijivu. Anayemfuata mwandishi wenu ataupeleka umeme moja kwa moja kwenye gamba. Kifaa cha Marekani kina moto mweusi na nyutro nyeupe, tena ni cha volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wetu ni wa hezi 50. Transfoma itashusha volti tu, hezi haiigusi, kwa hiyo mota yake itapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita na itachemka. Nyaya za kisasa za Ulaya ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Kwenye fezi tatu, yaani umeme unaoletwa na nyaya tatu za moto, ndipo balaa lilipo: kwa mfumo wa zamani wa Waingereza bluu ilikuwa fezi na nyeusi nyutro, kwa mfumo mpya nyeusi ni fezi na bluu ni nyutro. Waingereza wenyewe walihamisha nyaya za majengo yao kwenye mfumo huo kati ya 2004 na 2006, kwa hiyo mashine mbili za kampuni moja zinaweza kupingana.

Niliitwa kukagua mashine ya kusaga huko Chamwino iliyokuwa ikipiga watu shoti. Jopo la kuwashia lilitoka China, ambako fezi tatu ni njano, kijani na nyekundu, na nyutro ni bluu nyepesi. Fundi aliyelifunga alikuwa na kanuni ileile ya makala yenu. Akachukua nyekundu, njano na bluu akazifanya fezi za mota, kijani akakifunga kwenye gamba kama ethi. Matokeo yake mota ilipata fezi mbili na nyutro, ikawa inanguruma bila kushika kasi, huku fezi ya tatu ikitembea kwenye gamba, fremu na bakuli la kumiminia nafaka. Kijana wa kumimina mtama alirushwa ukutani. Breka, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, haikukata hata mara moja, na mwenye mashine akadhani kwamba, kwa kuwa haijakata, tatizo ni mota. Akaipeleka kusukwa upya! Fedha imekwenda, na jopo limebaki vilevile.

Kwa nini breka haikukata? Hapo nina lalamiko la pili. Ardhi yetu kuanzia Juni hadi Novemba ni kavu kama tofali, na mafundi wanapigilia fimbo ya ethi ya mita 1.2 kisha wanaondoka bila kupima. Fimbo ikiwa na ukinzani (kipimo cha jinsi inavyouzuia umeme) wa omu 50, volti 230 zitapitisha ampia 4.6 tu. Breka ya ampia 32 haiwezi kuhisi hilo. Fimbo ziunganishwe mbili au tatu, zishuke hadi udongo wenye unyevu, na iwekwe breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Hili nalo hamjawahi kuliandika.

Sasa aliyefungua kifaa akakuta rangi asizozijua afanye hivi. Achomoe plagi kabisa. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita, kidude kinachobaki na chaji hata plagi ikichomolewa, aiondolee hiyo chaji kwa resista (kidude cha kupunguza mkondo wa umeme) kabla ya kugusa. Achane ganda la nje la waya sentimita tatu pale lilipobanwa, maana rangi ya ndani haijaungua kwa joto, na unaoonekana mweusi kwa nje mara nyingi ni kijani iliyochakaa. Afuate kila waya hadi mwisho wake. Uliofungwa kwenye gamba ni ethi, na kati yake na gamba mita isome chini ya omu moja. Unaopita kwenye fyuzi na swichi ndio uliokusudiwa kuwa moto. Kati ya moto na nyutro, pasi ya wati 1000 isome kama omu 53, birika la wati 2000 kama 26. Kati ya nyaya hizo mbili na gamba, mita ya insulesheni ya volti 500, ile ya kupima kama umeme unavuja, isome angalau megaomu moja (omu milioni moja).

Mota ya fezi moja yenye nyaya tatu ipimwe jozi zote. Jozi yenye omu nyingi kuliko zote iwekwe kando. Waya uliobaki ndio wa pamoja. Kutoka kwenye huo wa pamoja, wenye omu chache ni wa kuendeshea, wenye omu nyingi ni wa kuanzia.

Redio au feni iwashwe kwanza kupitia balbu ya uzi ya wati 100 iliyounganishwa kwenye njia ya moto. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Kwa pasi kipimo hiki hakifai, balbu itawaka hata pasi ikiwa nzima.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Na kila fundi anayefunga kifaa cha zamani abandike plasta nyeupe ndani ya kava, aandike kwa kalamu isiyofutika rangi aliyoikuta, kazi ya kila waya, omu alizosoma na tarehe. Mkichapisha jedwali la rangi, wekeni humo nchi na mwaka wa kifaa. Bila safu hizo mbili msilichapishe.

Fundi umeme,
Kizota, Dodoma