Salamu za Sukkot, na swali la nani yuko mezani

Habari zenu wapendwa, heri ya Sukkot kwa wote mnaoisherehekea, kuanzia ndugu zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda kule Mbale, waumini wa sinagogi la Nairobi, mpaka rafiki zetu walioko Yerusalemu na New York, chag sameach, yani sikukuu njema! Na nyie mnaojiuliza Sukkot ndo nini, msiondoke maana salamu hizi zenu pia.

Hii ndo ile sikukuu ya vibanda ya Wayahudi tunayoisoma Mambo ya Walawi 23, inaanza tarehe 15 ya mwezi wa Tishri kwa kalenda yao, siku tano tu baada ya Yom Kippur, yani watu wametoka kufunga na kuombana msamaha na hata hawajapumua vizuri, mara nyundo zinagonga uani. Siku saba familia inakula kibandani na wengine wanalala humo humo. Masharti yake mi yananifurahisha sana. Kuta weka mbao, turubai, hata shuka mradi umelikaza upepo usilipeperushe, ila paa lazima liwe kitu kilichoota ardhini kikakatwa, matawi, mianzi, makuti, bati hapana, vigae hapana. Alafu kivuli kizidi jua ila usibananishe mpaka nyota zisionekane. Watu wa pwani najua mnacheka, fundi akikuezekea makuti ukalala unahesabu nyota hela yake hapati.

Sasa angalia wakati wenyewe. Kumbukumbu la Torati 16 inasema sikukuu hii ni baada ya kukusanya mavuno, ghala limejaa, zabibu zimeshakamuliwa. Ndo hapo unaambiwa toka kwenye nyumba yako nzuri ukale chini ya matawi, na kwenye masinagogi mengi Sabato ya wiki hiyo wanasoma Mhubiri, ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili! Unapewa hayo wakati una hela, sio wakati umefulia, na nadhani waliopanga hivyo walitujua vizuri maana mtu aliyefulia hahitaji kukumbushwa kwamba paa linavuja.

Na hapo hapo umeamriwa ufurahi. Wewe na mwanao na binti yako, na mtumishi wako, na Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane, wote wametajwa. Rambam, yule mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi na tabibu aliyezaliwa Córdoba akafia Misri mwaka 1204, alipofika kwenye jambo hili hakupepesa maneno. Alisema mtu anayefunga milango ya ua wake akala na kunywa na mkewe na wanawe, bila kuwalisha maskini na wenye uchungu moyoni, huyo furaha yake si ya ibada, ni furaha ya tumbo lake.

Furaha ya tumbo jamani! Mi hapo niliweka simu chini kwanza. Maana hebu tuseme ukweli sikukuu zetu siku hizi zikoje, iwe Idi iwe Krismasi iwe Pasaka, geti limefungwa, pilau limeiva, picha ishapanda status, na mlinzi yuko pale pale getini harufu inampitia tu mpaka jioni ndo mtu anakumbuka kumpelekea makoko kwenye kontena la aiskrimu. Na sio kwamba tuna roho mbaya, tumezoea tu kuhesabu familia kuanzia mlango wa ndani. Alafu angalia Rambam hakuishia kwa maskini wa hela, kasema na wenye uchungu moyoni, kwa hiyo hata yule dada mwenye kazi nzuri aliyefiwa na mume mwaka huu yumo, na huyo kumtumia hela kwa simu haitoshi, inabidi aitwe akae kwenye kiti.

Wana desturi nyingine, kila usiku wanakaribisha kibandani wageni wa heshima wasioonekana, Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi. Unaweza kusema ah hao wageni rahisi, hawali. Kumbe Zohar, kile kitabu chao cha mafumbo ya dini, inasema fungu lao la chakula ni haki ya maskini, usipowapa maskini, hao wazee hawakai kwako.

Alafu kuna ile mimea minne inayoshikwa pamoja wakati wa kusali: tunda la njano la jamii ya limau, kuti changa la mtende, tawi la mhadasi lenye majani ya kunukia, na la mrebi, ule mti wa kando ya vijito. Wahenga wao walisema tunda lina ladha na harufu, huyo ni mtu mwenye elimu na matendo mema, mtende una ladha tu, mhadasi harufu tu, na mrebi hauna hiki wala kile. Lakini ukiukosa huo mrebi hujatimiza kitu. Kila grupu la familia WhatsApp lina mrebi wake, hachangii, hajibu, anatokea na kidole gumba basi, na bado hamtoi mtu! Halafu kuti likiwa la wizi halifai, Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inasema wazi. Natamani hilo lisomwe kwenye kila harambee kabla bahasha hazijafunguliwa.

Ila msidhani ni dini ya kukomoana. Wagonjwa wamesamehewa kukaa kibandani, na wanaowauguza pia wamesamehewa, na wewe unayemuogesha mama kila asubuhi ukijiona umepungukiwa ibada soma tena hapo. Mvua nayo imewekewa kipimo, ikinyesha mpaka uji unaharibika, ruksa kuingia ndani. Kule Mbale mwezi wa kumi uji unaharibika mara nyingi tu nadhani.

Basi wapendwa, wiki njema yenye shangwe, na siku ya Simchat Torah mkifika mwisho wa Torati mkaanza tena Mwanzo, mtuchezee na sisi. Mwenye nafasi mezani aniambie, nakuja na mtu.