Waliopika wakati wa mgomo wa Montgomery

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana.

Umeandika kwamba Rosa Parks, yule mama mweusi wa Marekani, alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi kwa sababu alikuwa amechoka na kazi. Hilo mwenyewe alilikanusha. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, pale Montgomery, Alabama, na miezi michache kabla, mwaka huohuo wa 1955, alikwenda Tennessee kwenye mafunzo ya wanaharakati. Hakupanga kukamatwa siku ile, lakini ubaguzi ule alikuwa ameupinga kwa miaka mingi. Kwenye mabasi ya mji ule, mtu mweusi alilipa nauli mbele kwa dereva, kisha akaamriwa ashuke akapandie mlango wa nyuma. Wengine waliachwa hapohapo barabarani, nauli imeshaliwa.

Usiku wa tarehe 1 Desemba, Parks alipokamatwa, mwalimu wa chuo aitwaye Jo Ann Robinson hakulala. Alirudufu maelfu ya vikaratasi vya kuwaambia watu wasipande basi Jumatatu. Siku hiyo moja ikazaa mgomo wa siku 381.

Siku 381, mwanangu! Watu walikwenda kazini kwa miguu, au kwa magari ya kujitolea, na magari yanataka mafuta. Hapo ndipo ninapompenda Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi wa mgahawa. Mwaka 1956 alitoa ushahidi mahakamani kumtetea Martin Luther King, kiongozi wa mgomo aliyeshtakiwa, akaeleza alivyonyanyaswa na dereva wa basi, na kazi ikaota mbawa. Akaanza kupikia nyumbani. Yeye na wanawake wenzake walikaanga kuku, wakaoka keki na pai, wakauza, fedha zikaenda kwenye mgomo. Kikundi walikiita Club from Nowhere, yaani Klabu Isiyotoka Popote, ili wakiulizwa fedha zimetoka wapi, wajibu kuwa hazikutoka popote. Wengi wao walikuwa watumishi wa majumbani, na tajiri akijua, kibarua kimeisha. Mimi niliyekusomesha kwa chapati na maandazi najua jasho la kuipata shilingi ya namna hiyo. Hotuba za King zinastahili sifa zote, ila hawa nao wasimuliwe.

Na yupo Claudette Colvin. Alikuwa na miaka 15, rika lako, alipokataa kuinuka kwenye basi mjini humohumo, miezi tisa kabla ya Parks. Viongozi hawakutaka awe sura ya mapambano, na hilo hunichoma moyo mpaka leo. Hata hivyo alikubali kuwa mmoja wa wanawake wanne waliofungua kesi ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliimaliza Novemba 1956, na ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ukafutwa. Rekodi yake ya kukamatwa ilikuja kufutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82.

Muombe mwalimu akupe nafasi uwasimulie wenzako habari zake. Alikuwa mwanafunzi kama ninyi.

Akupendaye daima,
Mama yako