Malalamiko kuhusu kabati mliloniuzia kama la mwaka 1910

Nyakato,
Mwanza.
12 Machi, 2025

Meneja,
Duka la Samani za Zamani,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KABATI LA VYOMBO LA "ENZI YA MJERUMANI"

Nalalamikia kabati la mninga nililonunua dukani kwenu kwa shilingi 1,400,000. Kadi iliyobandikwa mlangoni, ambayo bado ninayo, imeandikwa "Mjerumani, 1910", na risiti yenu imerudia maneno hayo hayo. Si kweli.

Dukani lilikuwa limeegemezwa ukutani na droo zimefungwa kwa funguo. Lilipofika nyumbani nililigeuza na kuchomoa kila droo.

Bawaba zote zimekazwa kwa skrubu za nyota. Skrubu hizo zilianza kutumika viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930, na Mjerumani alishaondolewa Mwanza na Waingereza mwaka 1916. Kijana wenu wa mauzo alinijibu kwa simu kwamba bawaba hubadilishwa. Hubadilishwa kweli, ndiyo maana sikuishia hapo. Nilifungua bawaba moja nikatazama chini yake: hakuna tundu la zamani lililozibwa, hakuna kivuli cha bawaba ya umbo jingine, na mbao imechongwa kwa kipimo cha bawaba hiyo hiyo. Hakuna nyingine iliyowahi kukaa pale.

Mgongo ni plaiwudi. Nao mtasema umebadilishwa, lakini umeingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya mbao za ubavuni, wenye upana sawasawa na unene wa plaiwudi, na hautoki mpaka kabati lote libomolewe. Kabati lilitengenezwa nao tangu siku ya kwanza.

Pembe za droo zimeshikana kwa meno, na meno yote yana upana mmoja na nafasi moja. Seremala anayekata kwa msumeno na patasi hutoa jino nene hapa, jembamba pale, na mara nyingi mstari aliokwaruza wakati wa kupima hubaki. Haya yamekatwa na mashine. Mashine hizo zilikuwapo Marekani kabla ya 1910, kwa hiyo hili peke yake lisingetosha kuwahukumu.

Kinachoniuma zaidi ni rangi. Mbao isiyopakwa kitu hukolea yenyewe mahali hewa inapofika, na pale palipofichika hubaki peupe. Droo hizi zimepakwa rangi ya kahawia ndani, nje na chini, hadi imechuruzika na kukaukia kwenye pembe. Kingo za chini, ambazo kwa droo ya miaka mingi huliwa kwa kusuguliwa kila inapofunguliwa, bado ni kali na zina alama za msumeno. Kuna mtu aliyekusudia kulizeesha. Sisemi ni nyinyi, ila nyinyi ndio mliolibandika mwaka na kulitoza bei ya mwaka huo.

Kijana huyo aliongeza kwamba mninga ni mbao ya zamani. Mninga unapasuliwa Tabora na Katavi hadi leo na unauzwa hapa hapa Mwanza. Aina ya mbao haionyeshi kabati lilitengenezwa lini.

Fundi aliyelitengeneza simlaumu, kazi yake ni imara. Lakini kama ningetaka kabati la mninga tu ningemwendea seremala wa mtaani, na nisingelipa kiasi hicho.

Naomba mlichukue kwa usafiri wenu na kunirudishia fedha zote. Au nibaki nalo, mnirudishie nusu ya bei na kunipa risiti mpya isiyo na mwaka. Naomba pia mziondoe kadi zenye miaka kwenye samani nyingine ambazo hamjazigeuza na kuzikagua, kwa sababu nililiona kabati la nguo na meza zenye kadi kama hiyo, na wanunuzi walikuwa wanazizunguka.

Nasubiri majibu ya maandishi kabla ya tarehe 31 Machi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na nisipojibiwa nitapeleka risiti, kadi na picha za droo kwa Tume ya Ushindani.

Wenu,
(Saini)
Mteja, Nyakato